Unguja, Pemba au Mafia? Kuchagua kisiwa cha likizo ukitokea Dodoma

Treni ya reli ya kisasa, SGR, ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, Julai 2024, hesabu ya likizo ya baharini ilibadilika kwa wakazi wa Dodoma. Kabla ya hapo ulianza na basi: kilomita kama 450, saa saba hadi tisa barabarani, kisha ushuke Mbezi Luis na kuanza kupambana na foleni ya kuingia mjini. Treni inachukua kama saa tatu na nusu hadi nne, na inakushusha katikati ya jiji, mahali ambapo bajaji inakufikisha bandarini haraka. Nauli ya kawaida ilianza kwa shilingi 31,000.

Kwa hiyo kufika Dar si tatizo tena. Kinachowachanganya wengi ni kisiwa kipi baada ya hapo. Wengi huchagua kwa picha: maji ya kijani, mchanga mweupe, mtumbwi mmoja umelala upande. Picha hiyo unaweza kuipiga Unguja, Pemba au Mafia, na haikuambii kama utafika siku hiyohiyo au utalala njiani, wala kama maji yatakuwepo ufukweni utakapokwenda kuogelea.

Tunapima nini

Cha kwanza ni usiku. Hesabu usiku utakaolala kisiwani kwenyewe, si siku za likizo zilizoandikwa kwenye fomu. Cha pili ni njia kutoka Dar na jinsi inavyoweza kukwama. Kisha bahari yenyewe: ufukwe, maji kujaa na kupwa, upepo. Baada ya hapo gharama, yaani pesa inaishia wapi, na mwisho mambo mengine yaliyopo nje ya kuogelea, pamoja na mila za wenyeji. Visiwa vyote vitatu tumevipima kwa vipimo hivyo hivyo.

Kuna jambo moja linavihusu vyote, na mtu wa bara hukumbuka kuliangalia akiwa tayari amevaa nguo za kuogelea.

Maji kupwa na maji kujaa

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika kama 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inaweza kufika karibu mita 4. Siku za maji mafu, katikati ya vipindi hivyo, tofauti hushuka hadi kama mita 1.

Faida yake kwa mpangaji wa likizo ni hii: siku za bamvua kwenye visiwa hivi, maji huwa yamekupwa kabisa kama saa 4 au 5 asubuhi, na hujaa kama saa 10 au 11 jioni. Siku za maji mafu ni kinyume: yanajaa asubuhi kwenye saa 4, ila hata yakikupwa hayaendi mbali. Huhitaji programu ya simu. Chukua kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu. Tarehe 1 hadi 3 na 14 hadi 17 za mwezi mwandamo ni bamvua. Tarehe 7 hadi 9 na 21 hadi 23 ni maji mafu.

Mwenye watoto wanaotaka kuogelea asubuhi achague maji mafu. Anayetaka kutembea juu ya mwamba akiangalia kiti cha pweza (kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota) na mashamba ya mwani achague bamvua. Kwa ufukwe wa mashariki ya Unguja, hesabu hii ina uzito kuliko jina la hoteli.

Upepo nao una kalenda yake. Kusi huvuma takriban Juni hadi Septemba, kaskazi Desemba hadi Machi. Masika, Machi hadi Mei, bei za vyumba hushuka, lakini hoteli kadhaa za Pemba na Mafia hufunga kabisa Aprili na Mei. Piga simu kabla hujaomba likizo.

UNGUJA

*Usiku na njia.* Hiki ndicho kisiwa cha wenye siku chache. Boti za mwendo kasi kutoka Dar huenda mara kadhaa kwa siku, ya kwanza saa 1 asubuhi na ya mwisho jioni kwenye saa 10, na safari ni kama saa moja na nusu hadi mbili. Mtanzania hahitaji pasipoti, ila kitambulisho ni lazima: cha NIDA, leseni au cha mpiga kura. Fika bandarini saa nzima kabla, maana foleni ya ukaguzi wa mizigo ni ndefu kuliko inavyoonekana kutoka nje.

Tuchukue mfano wa wikiendi. Mtumishi anayetoka Mtumba saa 9:30 alasiri Ijumaa akapanda treni ya jioni atakuta boti ya mwisho imeshaondoka. Atalala Dar, apande ya saa 1 asubuhi Jumamosi, afike Unguja kwenye saa 3, na kama anakwenda Nungwi awe ufukweni kwenye saa 5. Jumapili anatakiwa awe kwenye boti ya mchana ili aiwahi treni ya jioni. Hapo ana alasiri moja, usiku mmoja na asubuhi moja. Inawezekana, lakini usiende Nungwi kwa hesabu hiyo. Baki Mji Mkongwe, tembea, kula, ondoka. Ukiomba ruhusa ya Ijumaa peke yake, na ukasafiri kwa treni Alhamisi jioni, unapata usiku wa pili na kisiwa kinafunguka.

Wakati wa kusi, boti ya kurudi ndiyo inayosumbua zaidi kuliko ya kwenda, kwa sababu ukirudi Dar unakwenda dhidi ya upepo na mawimbi. Kaa sitaha ya chini, katikati au nyuma. Dawa ya kichefuchefu imezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka. Ukishaanza kutapika imechelewa. Na usipande na tumbo tupu kwa kudhani unajikinga: kipande cha mkate mkavu kinasaidia kuliko njaa.

*Bahari.* Unguja ina pande, na kila upande una tabia yake. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayaendi mbali hata siku za bamvua, kwa hiyo unaogelea karibu saa yoyote. Kendwa inatazama magharibi, hivyo kusi haiipigi moja kwa moja na jua unaliona likizama baharini. Miezi ya kaskazi mambo hugeuka. Nungwi ndiyo inayopokea mawimbi na baadhi ya sehemu mchanga hupungua.

Mashariki, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Paje na Jambiani, kuna mwamba mrefu mbele ya ufukwe. Maji yakikupwa siku ya bamvua unaweza kutembea zaidi ya kilomita moja kabla hayajakufika kiunoni. Aliyekuja kuogelea ataona ametapeliwa. Lakini nenda Jambiani saa hiyohiyo ya saa 4 asubuhi uone kina mama wameinama kwenye mistari ya vigingi vya miti, kamba zimevutwa kigingi kwa kigingi, vifundo vya mwani vinaning'inia kila baada ya shibiri moja, na magunia yaliyojaa yanasubiri kubebwa kichwani. Zungukia kamba, usizivuke kwa kuzikanyaga. Hilo ni shamba la mtu. Vaa viatu vya plastiki, kwa sababu ya mawe makali na viumbe wenye miiba mirefu myeusi ambayo hukatikia ndani ya unyayo.

Paje ina upepo mzuri wa michezo ya tiara za majini, kusi na kaskazi pia. Kwa asiyecheza, upepo huo huo ni mchanga kwenye chai.

*Gharama.* Unguja ina bei za kila namna, na hapo ndipo unafuu wake ulipo. Nyumba za wageni za bei ya kawaida zipo Mji Mkongwe na ndani ya vijiji, hatua mia chache kutoka ufukweni. Mstari wa mbele wa bahari ni bei ya watalii. Pesa nyingi huvuja kwenye usafiri: teksi ya kutoka bandarini hadi Nungwi, kilomita kama 60, inaweza kuzidi nauli yako ya boti. Daladala zipo, namba 116 ya Nungwi, 309 ya Jambiani, 324 ya Bwejuu, polepole lakini kwa pesa ndogo. Hupungua sana jioni, basi usizitegemee baada ya giza. Bandarini utapokewa na mapapasi, yaani vijana wanaowinda wageni, wakikuita kwa lafudhi zote. Jibu la heshima ni "asante, napokelewa," ukiendelea kutembea.

Jambo dogo kwa wapenda vifaa: televisheni ya bei nafuu uliyoiona kwenye soko la Darajani inaweza kukaguliwa ushuru ukishuka Dar. Piga hesabu hiyo kabla ya kuibeba.

*Mambo mengine.* Hapa Unguja ina mengi kuliko wenzake. Mji Mkongwe, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Forodhani jioni kwa urojo na mishkaki ya pweza. Kima punju wa msitu wa Jozani. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu. Msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 1107. Tamasha la muziki la Sauti za Busara kila Februari. Mjini na vijijini nguo za kuogelea zifunikwe. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Hoteli za ufukweni huhudumia wageni wake ndani.

*Inamfaa* mwenye usiku 2 hadi 4, familia yenye watoto wadogo, kundi ambalo kila mtu anataka kitu chake, na anayekwenda baharini kwa mara ya kwanza.

PEMBA

*Usiku na njia.* Usiende Pemba kwa chini ya usiku 4. Kwa bahari unapitia Unguja au unapanda meli inayotoka Dar, na ratiba si ya mara kadhaa kwa siku. Ni ya siku fulani za wiki, na baadhi ya safari huwa za usiku. Meli kubwa inayobeba magari huchukua takriban saa sita kutoka Unguja hadi bandari ya Mkoani, Pemba. Panga likizo kuzunguka siku ya meli, si kinyume chake. Kwa ndege ndogo kutoka Unguja ni kama nusu saa hadi uwanja wa karibu na Chake Chake.

Mkondo wa Nungwi, kati ya visiwa hivi viwili, hauchezewi. MV Spice Islander ilizama huko Septemba 2011 ikiwa imejaza kupita kiasi. Ukiona chombo kimejaa hadi watu wamekaa ngazini, shuka, tiketi utabadilisha.

*Bahari.* Pemba si kisiwa cha fukwe ndefu zilizopangwa. Sehemu kubwa ya pwani yake ni mikoko na miamba. Ufukwe unaostahili safari ni Vumawimbi, kaskazini, nyuma ya msitu wa Ngezi: mchanga mweupe mrefu, na siku nyingi hakuna mtu. Wala hakuna duka. Beba maji lita 2 kwa kila mtu, chakula na kivuli chako. Daladala inaishia Konde. Kutoka hapo ni bodaboda, na mpatane kabisa saa ya kurudi kuchukuliwa.

Raha ya Pemba iko chini ya maji. Mkondo kati ya kisiwa na bara una kina cha mamia ya mita, na ukuta wa matumbawe unashuka ghafla. Kisiwa cha Misali, kwa boti kutoka Wesha karibu na Chake Chake, kina maji safi na ufukwe mzuri wa siku nzima. Wapemba husimulia kwamba Nabii Hidhri alikifanya kisiwa hicho msala wake, yaani mkeka wa kuswalia, na ndipo jina lilipotoka. Kwa hiyo mavazi na tabia za heshima zinatarajiwa hata huko. Hakulazwi Misali.

*Gharama.* Malazi ya katikati ni machache. Kuna nyumba za wageni za kawaida Chake Chake na Wete, kuna hoteli ghali za ufukweni, na baina yake pengo. Boti ya Misali hulipwa kwa boti nzima: watu wawili wataiona ghali, watu sita hawataisikia. Nenda na kundi.

*Mambo mengine.* Vilima vya kijani na mikarafuu. Msimu wa kuvuna, harufu inakufikia kabla hujaona mikeka iliyotandazwa mbele ya nyumba, karafuu zikigeuka kutoka kijani na wekundu hadi kahawia kadiri jua linavyozikausha. Popo wa Pemba, mkubwa na mwenye manyoya mekundu, hapatikani kwingine duniani. Mwone Ngezi au Kidike. Halua ya Wete na kahawa chungu ni kifungua mazungumzo kizuri kuliko kamera. Bia nje ya hoteli za watalii ni adimu sana, na wenyeji hawapendi kuulizwa iko wapi.

*Inamfaa* mzamiaji, wapenda kutembea msituni na vijijini, aliyekwisha kuiona Unguja, na mtu anayetaka simu ikae kimya. Haimfai anayetaka kutoka chumbani bila viatu na kutumbukia majini.

MAFIA

*Usiku na njia.* Mafia iko Mkoa wa Pwani, si Zanzibar. Kuna njia mbili, na hazilingani hata kidogo.

Ya ndege: ndege ndogo kutoka Dar, chini ya saa moja, unashuka Kilindoni. Mzigo kwa kawaida ni kilo 15, kwenye begi laini. Sanduku gumu halijikunji kuingia tumboni mwa ndege.

Ya maji: unalala Dar, unapanda basi alfajiri Mbagala Rangi Tatu, unashika barabara ya Kilwa hadi Bungu, kisha unakata kwenda Nyamisati, kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Hapo kuna kivuko cha serikali, MV Kilindoni, na boti za watu binafsi. Baharini ni kama saa nne. Kinachokwamisha ni kina cha maji Nyamisati: chombo huondoka kulingana na maji, kwa hiyo saa ya kuondoka hubadilika siku hadi siku. Uliza jana yake. Kutoka Dodoma njia hii inakula siku mbili kwenda na mbili kurudi. Kwa likizo ya wiki moja, ndege si anasa.

*Bahari.* Utende, ambako hoteli nyingi zipo, ufukwe wake ni mwembamba na una mikoko. Anayeota mchanga mpana atavunjika moyo siku ya kwanza. Wenyeji hukupeleka kwa boti kwenye mafungu ya mchanga yanayochomoza maji yakikupwa, kama Marimbani. Unapata ufukwe wa saa chache kisha bahari inauchukua. Hapa bamvua ni rafiki.

Ghuba ya Chole imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995, ya kwanza nchini, kilomita za mraba 822. Matumbawe yako karibu na maji ni tulivu kwa mgeni wa kutumia miwani na mrija, ila kwenye mlango wa ghuba mkondo ni mkali. Wazamiaji huingia kwa saa za maji, si kwa saa za chai.

Kisha papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, asiye na madhara kwa mtu. Hukaa upande wa Kilindoni takriban Oktoba hadi Februari. Boti hutoka asubuhi mapema bahari ikiwa shwari. Usimguse, na kaa mbali na mkia: akiugeuza hajui kama uko hapo. Ukienda Julai kwa ajili yake umepoteza nauli.

*Gharama.* Ada ya hifadhi hulipwa kwa siku, na Mtanzania hulipa kidogo sana kuliko mgeni, basi kitambulisho kiwe mfukoni getini. Lala Kilindoni kwa bei ya mji wa kawaida, uende Utende kwa bodaboda, kilomita kama 15 za lami. Benki ziko Kilindoni. Ukifika Utende bila pesa taslimu utarudi. Boti hapa pia hulipwa kwa kundi.

*Mambo mengine.* Kisiwa cha Chole na popo wake wamening'inia mchana kutwa; magofu ya Kua kwenye kisiwa cha Juani, mji ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska karne ya 19; mafundi wa majahazi. Jioni ni kimya. Jenereta ikizimwa na mwezi ukiwa haupo, giza lake ni kama la Kondoa porini.

*Inamfaa* anayekuja Oktoba hadi Februari kwa potwe, wapenzi wanaotaka utulivu, na mzamiaji anayeanza kujifunza. Haimfai mwenye bajeti finyu na siku chache kwa pamoja. Kimoja kati ya hivyo kikizidi, safari inawezekana.

Kulingana na hali yako

Una wikiendi bila ruhusa yoyote: Unguja, Mji Mkongwe tu. Au usivuke kabisa. Lala Dar na uende kisiwa cha Mbudya asubuhi kwa boti fupi kutoka Kunduchi, urudi na treni ya jioni.

Una watoto chini ya miaka kumi: Kendwa au Nungwi, tarehe za maji mafu. Kama ni likizo ya shule ya Juni, Kendwa kwanza, kwa sababu ya kusi.

Fungate ya wiki nzima: Unguja usiku 2 kisha Pemba 4, ukianza na siku ya meli. Ikiwa harusi ni Novemba au Desemba na mmechangiwa vizuri, Mafia kwa ndege.

Kundi la wafanyakazi sita au zaidi lenye siku sita: Pemba au Mafia, kwa kuwa gharama ya boti hugawanyika. Mkiwa na umri na mapenzi tofauti, Unguja itawapunguzia malumbano.

Likizo yako imeangukia Aprili: Unguja pekee ndiyo yenye uhakika wa hoteli zilizo wazi, na bei itakuwa chini. Beba koti la mvua, na acha siku moja ya ziada kabla ya kurudi kazini, maana boti zikisimamishwa kwa hali ya hewa hakuna wa kumlalamikia.

Una mgeni kutoka nje ya nchi: kwa Unguja na Pemba, tangu 1 Oktoba 2024 anatakiwa kulipia bima ya safari ya Zanzibar, dola 44. Mlipie mtandaoni mkiwa bado Dodoma, uhifadhi risiti kwenye simu yake na kwenye yako.